Kilichomeza lugha ya Agadez hakikuwa Kifaransa

Tarehe 26 Machi 2025, siku ile ile Jenerali Abdourahamane Tiani alipoapishwa kuiongoza Niger kwa miaka mitano ya mpito, nchi hiyo ilipata pia hati mpya ya kuchukua nafasi ya katiba. Ndani yake mna kifungu kimoja kilichovuka mipaka haraka kuliko vingine vyote: Kihausa sasa ndicho lugha ya taifa, na Kifaransa, kilichokuwa lugha rasmi tangu uhuru wa 1960, kimeshushwa kuwa lugha ya kazi tu, pamoja na Kiingereza. Siku chache nyuma yake Niger, Mali na Burkina Faso zilikuwa zimetangaza kujitoa katika jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Huku kwetu habari ilipokewa kwa vigelegele. Katika kundi moja la WhatsApp nililomo, la walimu wa Kiswahili, mtu aliandika kwamba hatimaye Afrika Magharibi nayo imepata Kiswahili chake, na kwa saa nzima hakikufuata kitu ila makofi.

Sina ugomvi na makofi. Kifaransa nchini Niger ni lugha ya wachache waliokaa darasani, ilhali Kihausa ni lugha ya mama ya zaidi ya nusu ya wananchi na lugha ya soko ya wengine wengi. Ninachokipinga ni hesabu iliyojificha nyuma ya makofi hayo, kwamba kuna pande mbili tu, lugha ya mkoloni huku na lugha za Kiafrika kule, na kwamba ya kwanza ikishuka zote za upande wa pili hupanda pamoja. Kifungu hicho hicho kinataja lugha kumi za nchi: Kiarabu, Kibuduma, Kifulfulde, Kigurmanche, Kihausa, Kikanuri, Kisonghay pamoja na Kizarma, Tamajaq ya Watuareg, Tasawaq na Kitubu. Hapo kwenye Tasawaq ndipo hesabu inapovunjika. Lugha hii ndogo ya jangwani haijawahi kuogopa Kifaransa. Kwa karne nyingi mshindani wake amekuwa lugha ya jirani, na katika mji wa karibu nayo dada yake aliwahi kumezwa kabisa, mzima mzima, na lugha ambayo leo imetawazwa kuwa ya taifa.

Tasawaq ni lugha ya In-Gall, mji wa mitende ulioko magharibi mwa Agadez, kiasi cha kilomita 100 na ushei. Wengi wanaoujua mji huo wanaujua kwa sikukuu ya Cure Salée, ambapo kila mwisho wa mvua Watuareg na Wawodaabe huleta mifugo yao kwenye malisho na maji yenye chumvi, na wapiga picha huwafuata kama nzi wanavyofuata maziwa. Wenyeji wa mji, Isawaghan, ndio wanaobaki nyuma picha zikishapigwa. Makadirio yanayorudiwa mara kwa mara ni kwamba wazungumzaji wa lugha yao ni elfu nane hivi. Na jina lenyewe ni darasa: “ta-” mwanzoni mwa jina la lugha, “i-” mwanzoni na “-an” mwishoni mwa jina la watu, hayo yote ni mavazi ya Kiberberi, jamii ya lugha za Sahara na Afrika Kaskazini ambamo Tamajaq ya Watuareg imo. (Ndiyo maana siongezi “ki-” mbele yake, ingekuwa kuvaa kanzu juu ya kanzu.) Lakini ukishavua vazi hilo, mwili ulio ndani si wa Kiberberi.

Mwili ni wa Kisonghay, lugha ya bonde la mto Niger, ya Timbuktu na Gao. Viwakilishi, viunganishi vya sentensi, maneno ya jicho, mkono, maji, kula na kwenda, hayo Isawaghan wameyatoa mtoni. Mbili wanasema “hinka” na tatu “hinza”, sawasawa na mtu wa Gao. Kisha hesabu inapopanda kidogo inageukia Kiarabu, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hana haki ya kulishangaa, maana sisi wenyewe tunatoka tano ya Kibantu tunaingia sita na saba za Kiarabu, tunarudi nane, tunatoka tena tisa, wala hatujikwai. Maneno ya mifugo, ya dini, ya bidhaa, ya mawazo mazito, na vitenzi kwa wingi, yametoka kwa Watuareg. Na Tasawaq bado ina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, wakati Tamajaq haina toni hata kidogo, na ndugu wengine wa Tasawaq huko jangwani wameipoteza. Hata vitenzi vilivyokopwa kwa Watuareg, vikishaingia Tasawaq, hupangiwa toni.

Ndugu hao ni watatu. Kuna Tadaksahak ya Idaksahak, wafugaji wa upande wa Ménaka, mashariki mwa Mali. Kuna Tagdal ya Igdalen, wafugaji wanaohamahama katika eneo la Tahoua na Agadez. Na mbali kabisa, kaskazini magharibi, katika oasisi ya Tabelbala nchini Algeria, kuna Korandje, yenye wazungumzaji wapatao elfu tatu, imetengwa na mto Niger kwa jangwa la zaidi ya kilomita elfu moja. Jina Korandje maana yake ni lugha ya mji, au ya kijiji, na watu wa Timbuktu nao wanaiita lugha yao “koyra chiini”, lugha ya mji. Jina moja, pande mbili za Sahara. Katika Tadaksahak uchanganyaji umefika mahali pa kumfanya mwanaisimu avue kofia. Sisi tukitaka kutoka “kula” kwenda kwenye kumfanya mwingine ale, tunakinyambua kitenzi kile kile, tunapata “lisha”. Wao wana “kula” ya Kisonghay, lakini hawawezi kuinyambua. Wakitaka “lisha” wanaiacha chini, wanaokota mzizi mwingine wa Kituareg wenye maana ile ile, na kuunyambua huo Kituareg. Mtoto wa Idaksahak anajifunza jozi hizi kama wetu anavyojifunza “mtu” na “watu”, bila habari kwamba ameshika lugha mbili kwa mkono mmoja.

Namna Kisonghay kilivyofika huko jangwani inaelezwa vibaya mara nyingi, na kosa hilo lina madhara hadi leo. Maelezo ya kawaida ni ya kijeshi: Askia Muhammad, mfalme wa Songhay aliyetawala kutoka Gao, aliiteka Agadez mwanzoni mwa karne ya 16, akaacha askari wake, na wajukuu wa askari ndio wasemaji wa lugha hizi. Ni hadithi nzuri, ina farasi na vumbi. Inakwama mahali pawili. Kwanza, uchunguzi wa sauti na sarufi unaonyesha kwamba lugha hizi za kaskazini ziko karibu zaidi na tawi la Timbuktu na Djenné kuliko tawi la Gao, na jeshi la Gao lingetarajiwa kuacha lugha ya Gao. Pili, hakuna jeshi la Askia lililokwenda kukaa Tabelbala. Kinacholeta maana ni biashara na kilimo cha oasisi: misafara ya kuvuka jangwa ilihitaji vituo, vituo vilihitaji watu wa kuchimba visima, kumwagilia mitende na kuchimba madini, na watu hao, wengine huru na wengine watumwa, walitoka kusini na lugha yao. Karibu na In-Gall kuna magofu ya Azelik, ambayo wengi wanakubali kuwa ndiyo Takedda, mji wa shaba aliofika Ibn Battuta mwaka 1353, miaka ishirini na mbili baada ya kupita Mombasa na Kilwa. Ameeleza jinsi shaba ilivyochimbwa nje ya mji na kuyeyushwa majumbani, kazi ikifanywa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Simulizi za In-Gall zinasema wazee wao walitoka Azelik mji huo ulipoangamizwa. Kwa hiyo tunayoiangalia ni lugha ya kazi za mikono, na nitalirudia jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza iliponea wapi.

Twende Agadez kwanza. Oktoba 1850 aliingia mjini humo Heinrich Barth, Mjerumani aliyekuwa katika msafara uliogharimiwa na Waingereza, akakaa majuma matatu hivi. Alikuta watu wa mji wana lugha yao, isiyo ya Watuareg wala ya Wahausa, akaandika orodha ya maneno yake. Aliambiwa, kwa mshangao wake, kwamba ni lugha inayosemwa pia Timbuktu; mwenyewe alifika Timbuktu Septemba 1853 na kuihakikisha habari hiyo. Lugha hiyo inajulikana vitabuni kama Emghedesie. Leo, tunachobaki nacho kuihusu ni karatasi za Barth. Mji wa Agadez upo, msikiti wake wenye mnara wa udongo upo, sultani yupo, na watoto wa mitaa ya zamani wanasema Kihausa, wengine Tamajaq. Lugha iliyokuwa ya mji mzima ilizimika bila amri ya mtu. Agadez ilikuwa mlango wa misafara ya chumvi iliyotoka Bilma kwenda Katsina na Kano, pesa ilitoka kusini, nafaka ilitoka kusini, wake na wakwe walitoka kusini, na lugha ikafuata pesa. Mwalimu wa Kifaransa alipofungua shule, mambo yalikuwa yamekwisha kuelemea upande mmoja.

Hapa lazima niwe mkweli, maana msomaji makini atanikumbusha asipoliona. Kifaransa kama lugha hakikuhusika, lakini bunduki za Wafaransa zilihusika. Maasi ya Watuareg yaliyoongozwa na Kaocen yaliizingira ngome ya Agadez kuanzia Desemba 1916 hadi Machi 1917, na ukandamizaji uliofuata ulikuwa wa kutisha. Wanazuoni wa dini waliuawa, watu wengi wa Aïr, nchi ya milima ya upande wa Agadez, walikimbia au kuhamishwa kwenda nchi ya Wahausa. Mji ukipukutishwa hivyo, ukaja kujazwa tena na wageni, lugha ya mji haiwezi kutoka salama. Kwa hiyo simtakasi mkoloni. Ninachosema ni kwamba aliyekalia kiti kilipokuwa wazi ni Kihausa, na kwamba mtu wa Agadez aliyebadilisha lugha hakujiona anapoteza kitu, alijiona anapata wateja.

Sasa iulizwe kwa nini In-Gall, umbali wa siku chache tu kwa ngamia, haikufuata njia hiyo. Watu wa In-Gall hawakujifungia. Kwa vizazi wamesema Tamajaq na wafugaji, Kihausa na wachuuzi, na Kiarabu cha Qurani msikitini. Kama lugha nyingi kichwani zingekuwa sumu, Tasawaq ingekufa karne nyingi zilizopita. Jibu langu liko kaskazini mwa mji, Teguidda-n-Tessoumt, mahali ambapo watu wa In-Gall hutengeneza chumvi. Hakuna bahari huko, wala mlima wa chumvi wa kukata kwa shoka. Kuna udongo wenye chumvi na chemchemi za maji ya magadi. Udongo unachotwa, unakorogwa ndani ya beseni kubwa lililochimbwa mwambani, tope linaachwa lizame, kisha maji yaliyokolea yanahamishiwa kwenye majaruba madogo, yaliyobanana kama vikombe kwenye sinia, jua linayanyonya, na ukoko wa chumvi unabanduliwa. Mvua ikinyesha majaruba hufurika na kazi husimama. Ni kazi ya kujua: udongo upi uongezwe lini, maji yamekolea kiasi gani, jaruba hili ni la nani na lile la nani. Ujuzi huo na umiliki huo vilikuwa mikononi mwa ukoo wenye Tasawaq, na anayetaka kuingia kazini aliingia kupitia lugha yao. Mitende ya mjini ni hivyo hivyo. Agadez iliishi kwa kuuza vya wengine. In-Gall iliishi kwa chumvi yake na tende zake.

Nikishasema hivyo, hoja za kila upande zinapimika vizuri zaidi. Wanaosema Kihausa kitawaunganisha Waniger wana hoja nzito kuliko zote. Mkulima wa Maradi, dereva wa lori wa Agadez na mama muuza nyama Niamey wanaweza kuelewana kwa Kihausa leo, bila bajeti ya serikali. Mtoto akifundishwa kusoma kwa lugha anayoisikia sokoni ataelewa mapema kuliko yule anayekaririshwa Kifaransa asichokisikia popote. Isawaghan wenyewe wanakijua Kihausa. Hoja hii siwezi kuivunja wala sitaki. Nataka tu isipewe kazi isiyo yake. Kuunganisha ni jambo moja, kulinda ni jingine, na lugha inayounganisha vizuri ndiyo hasa inayomeza vizuri, kwa kuwa haiji na kiboko, inakuja na biashara, muziki, ndoa na simu. Sisi wa Afrika Mashariki tungelijua hili kabla ya kupiga makofi. Muulize mzee wa Kizaramo wa pwani ya Dar es Salaam ni lugha gani iliyochukua midomo ya wajukuu zake, hatakutajia Kiingereza.

Hoja ya pili inasema Tasawaq imetajwa ndani ya hati kuu ya nchi, basi imelindwa. Ingekuwa tamu kama ingekuwa mpya. Lugha hizo hizo kumi zilikwisha tajwa katika sheria ya Desemba 2001 kuhusu kukuza lugha za taifa, na kabla yake, mwaka 1998, sheria ya elimu ilikwisha ruhusu lugha za taifa kufundishia. Na kabla ya hapo tena, kuanzia 1973, Niger ilikuwa imeanza shule za majaribio za kufundishia kwa lugha za nchi, kwa Kihausa kwanza kule Zinder, baadaye Kizarma, Kikanuri, Kifulfulde na Tamajaq. Ukiitafuta Tasawaq katika hizo tano huikuti. Lugha yenye watu elfu nane haina soko la vitabu, haina walimu wa kutosha kujaza chuo, haina wabunge. Kutajwa kunagharimu wino tu. Sisemi ni bure, maana asiyetajwa hata pa kuanzia kudai hana. Ila mtu anayeionyesha orodha kama ushahidi wa ulinzi anaonyesha jina la mgonjwa kwenye daftari la mapokezi na kusema ametibiwa.

Halafu kuna hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba Tasawaq na ndugu zake si lugha kamili, ni machanganyiko, nusu Kisonghay nusu Kituareg, kwa hiyo wasemaji wakihamia mojawapo ya lugha “safi” hakuna kilichopotea. Wasemaji wa Kizarma huwaambia Isawaghan kwamba wanasema Kisonghay kilichoharibika, ingawa, kama nilivyoeleza, tawi lao si la Zarma wala la Gao. Hoja hii imepata nguvu pia kutoka kwa wataalamu waliobishana kwa miaka mingi kama lugha hizi ziitwe lugha mseto, wakizilinganisha na Ma’a ya Wambugu wa milima ya Usambara kule Tanzania, yenye sarufi ya Kibantu na maneno mengi ya Kikushi. Mjadala wa wataalamu ni halali. Kuugeuza kuwa hukumu ya thamani ni upuuzi. Mchanganyiko wa Tadaksahak niliouonyesha juu una kanuni kali kuliko sarufi nyingi “safi”: mzizi huu unanyambulika, huu haunyambuliki, na anayekosea anachekwa. Fujo haina kanuni za kuchekea watu. Na Kiswahili, lugha iliyoambiwa kwa karne nzima kuwa ni Kiarabu kilichovunjika, kingekuwa cha mwisho kukubali kipimo cha usafi. Kama tungekikubali, “sita” na “saba” zingetuhukumu kabla ya chai.

Hoja ya nne haipigiwi kelele, na ndiyo inayonisumbua. Je, wasemaji wenyewe wakitaka kuhama? Tabelbala inatoa mfano mchungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wazazi wengi wa oasisi hiyo walianza kusema na watoto wao Kiarabu badala ya Korandje, ili wakifika shuleni wasianze wakiwa wamechelewa. Hawakulazimishwa na polisi. Waliona watoto wao wanavyohangaika darasani, wakachagua, na kwa kizazi kimoja lugha iliyodumu karne nyingi katikati ya mchanga ikawa lugha ya watu wazima. Na tazama ilivyokwenda baadaye: Algeria iliitambua Tamazight kuwa lugha ya taifa mwaka 2002 na lugha rasmi mwaka 2016, ushindi mkubwa kwa Waberberi, lakini Korandje si Kiberberi licha ya maneno yote iliyokopa kwao, hivyo ushindi ulipita juu yake kama wingu lisilonyesha. Siwezi kumlaumu mzazi aliyechagua shule. Ninaweza kuilaumu shule iliyompa chaguo la namna hiyo, kana kwamba kichwa cha mtoto ni chungu cha lita moja. In-Gall imeonyesha kwa mamia ya miaka kwamba kichwa kinachukua lugha tatu bila kumwagika.

Ukiyaweka haya pamoja, orodha zinaanza kusomeka tofauti. Niger imeitaja Tasawaq ya watu elfu nane na haikuitaja Tagdal, ambayo kwa makadirio ya kawaida wasemaji wake ni wengi kuliko hao mara kadhaa. Tofauti ninayoiona ni mji. Isawaghan wana In-Gall, wana anwani. Igdalen ni wafugaji, wanavaa na kuishi kama Watuareg, na karani akifika kambini anaandika Mtuareg na kufunga daftari. Mali vivyo hivyo: katiba ya Julai 2023 ilizifanya lugha 13 za taifa kuwa rasmi, zikiwemo Kisonghay na Tamasheq (ndiyo Tamajaq kwa matamshi ya Mali), lakini Tadaksahak, ambayo ni zote mbili na si hata moja kati yao, haimo. Na Idaksahak ndio waliokuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi na mauaji ya kundi la Dola la Kiislamu katika eneo la Ménaka kuanzia Machi 2022, wakaacha malisho wakakimbilia mijini. Mfugaji aliyepoteza kundi lake akaingia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji amepoteza pia kazi iliyokuwa ikihitaji lugha yake. Kama mfano wa chumvi una ukweli wowote, basi ngamia waliochukuliwa Ménaka ni habari ya lugha pia, ingawa hakuna ripoti ya lugha itakayowahesabu.

Kwa serikali ya Niamey, basi, swali la kuipima halihusu Kifaransa kimeshuka ngazi ngapi. Linahusu miaka mitatu ya kwanza ya shule ya In-Gall, wakati Kihausa kitakapoingia darasani kwa nguvu mpya ya kisheria. Kikiingia kama lugha ya pili, juu ya Tasawaq inayosemwa na mwalimu anayetoka pale pale, mtoto ataondoka na zote mbili na ya tatu ya wafugaji bure. Kikiingia kama lugha pekee ya Kiafrika inayokubalika, kwa hoja kwamba nao ni weusi wenzetu na wanakielewa, mama wa In-Gall ataona kile mama wa Tabelbala alichokiona, na atachagua vile vile, haraka zaidi, kwa sababu Kihausa tayari kiko kizingitini pake. Redio ya mji ingesaidia. Kamusi ya mkononi ingesaidia. Bei nzuri ya chumvi ya Teguidda, na barabara ya kuifikisha sokoni mikononi mwa wenyewe, nadhani ingesaidia kuliko vyote hivyo, na sijawahi kuiona katika mpango wowote wa lugha.

Na Igdalen, ambao hawamo ndani ya ile kumi? Mtoto wao akifikishwa shule ya mji wowote wa njiani, atafundishwa Kihausa kama lugha ya taifa. Mwalimu mwenye nia njema akitaka kumsaidia kwa lugha ya nyumbani, atafungua orodha, ataona Tamajaq, atamsemesha Tamajaq. Mtoto ataielewa, kwa kuwa anaijua pia, na atajibu vizuri kabisa. Mwalimu hatakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.